Miezi saba bila jeshi

(Maelezo haya yalisomwa redioni juma hili)

Ndugu wasomaji, kabla ya yote niwaelezeni kisa kilichonifanya nichague mada hii.

Siku za karibuni nilikuwa Tunduma kwa shughuli za kazi. Anayeujua mji ule anajua kwamba pale Tanzania haiishii mtoni wala mlimani, inaishia kati ya maduka. Ukipiga hatua chache uko Nakonde, na hiyo tayari ni Zambia. Mchana foleni ya malori ilikuwa imefika mbali, vijana wanabadilisha kwacha kwa shilingi, akina mama wanapita na mabeseni ya ndizi vichwani. Nikakaa kwenye benchi la muuza kahawa. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja ambaye umri wake umevuka themanini, dereva mstaafu wa malori ya mafuta, na kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria.

Kijana alikuwa amekasirishwa na habari za makadirio ya bajeti alizozisikia kwenye simu yake. Akamgeukia mzee. "Babu, mimi nimezaliwa hapa hapa. Nimewaona polisi, nimewaona watu wa uhamiaji, nimewaona watu wa forodha. Mwanajeshi amesimama na bunduki kuuzuia mpaka usivukwe, sijamwona hata siku moja. Sasa kwa nini tusilivunje tu hilo jeshi, fedha zake tukachimbiwa visima vya maji?"

Mzee alicheka, akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu, usidhani wewe ndiye wa kwanza kuuliza. Nchi hii iliwahi kukaa bila jeshi. Muulize huyu mtu wa redio, ndiyo kazi yake."

Kwa kuwa muda ule dereva wangu alikuwa ananiita, niliahidi kwamba jibu nitalitoa redioni. Ahadi ni deni, na leo nalilipa.

Naam, mzee alisema kweli. Kuanzia tarehe 25 Januari 1964 hadi tarehe 1 Septemba mwaka ule ule, Tanganyika, ambayo katikati ya kipindi hicho ilikuja kuungana na Zanzibar, ilikuwa nchi huru yenye Rais, Bunge, bendera na wimbo wa taifa, lakini jeshi lake yenyewe halikuwapo. Ili kuelewa ilifikaje hapo, turudi nyuma kidogo.

Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 hatukuunda jeshi. Tulirithi. Askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita kwa kifupi KAR, walibadilishiwa jina wakaitwa Tanganyika Rifles. Walikuwa vikosi viwili, kimoja kambi ya Colito nje ya Dar es Salaam, mahali panapoitwa leo Lugalo, na cha pili Tabora. Jina lilibadilika lakini mengine yote yalibaki kama yalivyokuwa. Maofisa wakubwa walikuwa Waingereza, na aliyewaongoza alikuwa Brigedia Patrick Sholto Douglas. Askari wa kawaida alilipwa shilingi 105 kwa mwezi. Alikuwa akiona wenzake wa ofisini wanapanda vyeo vilivyoachwa na Wazungu, na yeye kambini anaendelea kumpigia saluti Mzungu yule yule.

Viongozi nao hawakuwa na hamu kubwa ya jeshi. Hata kabla ya maasi, wazo la Tanganyika kuishi bila jeshi liliwahi kufikiriwa. Mwalimu Nyerere katika miaka ile alikuwa na hoja moja nzito: nchi ya Kiafrika ikijilimbikizia silaha, kwa hali halisi itakuwa inajiandaa kupigana na nchi nyingine ya Kiafrika, kwa sababu mataifa makubwa haiwezi kupambana nayo. Na katika nchi maskini, kila bunduki ni dawati ambalo halikununuliwa.

Halafu ukaja mwaka 1963. Tarehe 13 Januari, huko Togo, Rais Sylvanus Olympio aliuawa na wanajeshi. Sikilizeni sababu yake, maana inahusika na mada yetu. Olympio alitaka jeshi dogo sana. Askari waliorudi kutoka jeshi la Ufaransa walitaka waajiriwe, naye akakataa kulipanua jeshi kwa ajili yao. Kwa hiyo rais aliyetaka jeshi dogo aliuawa na watu waliotaka jeshi kubwa. Habari hiyo ilimshtua sana Mwalimu. Hakujua kwamba mwaka mmoja na wiki moja baadaye yatamfika ya kwake.

Lakini kabla ya Dar es Salaam, ilianza Zanzibar. Visiwa vilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 bila jeshi kabisa. Ulinzi wote uliachwa mikononi mwa polisi, na hata katika polisi, wengi wenye asili ya bara walikuwa wameondolewa kazini. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 wanamapinduzi waliingia katika vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni, wakachukua silaha ghalani, na asubuhi serikali ilikuwa imekwisha. Serikali ile iliishi siku 33. Funzo lake liko wazi: kutokuwa na jeshi si kutokuwa na silaha. Silaha bado zipo, zimefungiwa ghala la polisi, na atakayelifungua ghala ndiye mwenye nchi.

Baada ya hapo Tanganyika ilipeleka Zanzibar polisi wapatao 300 kusaidia kutuliza hali. Dar es Salaam ikabaki na upungufu wa polisi, na siku chache tu baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari, king'ora kikalia Colito.

Askari wakawakamata maofisa wao wa Kizungu na kuwafungia. Wakaingia mjini, wakashika kituo cha redio, uwanja wa ndege na njia za kwenda Ikulu. Walitaka mambo mawili: mshahara upande kutoka shilingi 105 hadi 260, na maofisa wa Kizungu waondoke Waafrika washike nafasi zao. Mwalimu na Rashidi Kawawa walifichwa Kigamboni. Oscar Kambona, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi, ndiye aliyekwenda kambini kuzungumza na watu wenye bunduki. Mjini maduka yaliporwa na watu wakafa. Kesho yake kikosi cha Tabora nacho kikaasi. Kabla wiki haijaisha, askari wa Jinja nchini Uganda na wa Lanet nchini Kenya nao walikuwa wamegoma. Moto ulikuwa mmoja, kwa sababu kuni zilikuwa zile zile: majeshi yaliyorithiwa.

Mwalimu alirudi mjini na kwa siku kadhaa mambo yalionekana kama yanatulia. Lakini zikafika habari kwamba baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi wameanza kuzungumza na waasi. Hapo lile lililoanza kama mgomo wa mshahara likawa na harufu ya mapinduzi. Tarehe 24 jioni Mwalimu aliandika barua ambayo nadhani ilimuuma kuliko barua zote alizopata kuandika. Aliwaomba Waingereza, wakoloni wa juzi, waje wamsaidie dhidi ya askari wake mwenyewe. Alfajiri ya tarehe 25 makomando kutoka manowari Centaur walishuka Colito kwa helikopta. Waasi wachache waliuawa, wengi wakasalimu amri, na mchezo ukaisha asubuhi ile. Sajini Francis Hingo Ilogi, kiongozi wa maasi, baadaye alihukumiwa na mahakama ya kijeshi kifungo cha miaka 15.

Tanganyika Rifles likavunjwa. Askari walinyang'anywa silaha na wengi wao wakarudishwa makwao. Hapo ndipo miezi saba yetu inapoanza.

Sasa jiulize, nchi isiyokuwa na jeshi inalindwa na nani? Wiki zile za kwanza jibu lilikuwa la aibu: ilikuwa inalindwa na Waingereza. Mwalimu hakuificha aibu hiyo. Aliwaita mawaziri wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na tarehe 12 Februari wakakutana Dar es Salaam. Aliwaeleza yaliyomkuta, akaomba askari wa Kiafrika wachukue nafasi ya makomando wa Kiingereza. Nigeria ikakubali. Majira ya masika mwaka ule kikosi cha Nigeria kikaingia nchini chini ya Luteni Kanali James Pam, na kwa miezi kadhaa taifa letu likalindwa na ndugu kutoka upande wa pili wa bara. Lilikuwa jambo zuri, na mpaka leo tunapaswa kulikumbuka kwa shukrani.

Lakini lina mwisho wa kusikitisha. Kikosi kile kilirudi kwao Septemba 1964. Tarehe 15 Januari 1966 wanajeshi wa Nigeria wenyewe waliasi, na miongoni mwa maofisa waliouawa siku hiyo alikuwa James Pam, yule yule aliyekuja kutulinda sisi dhidi ya maasi.

Turudi Tanganyika. Nchi ilikuwa imeshavunja jeshi. Kambi zilikuwa tupu. Wanaijeria walikuwa wanalinda. Kulikuwa na nafasi ya kusema: basi, imetosha, tumeponea chupuchupu, tusijenge tena nyumba ya nyoka. Kwa nini hatukusema hivyo?

Jibu liko kwenye ramani ya mwaka ule, na wenzetu wa Tunduma wanaweza kulielewa kuliko watu wa mahali pengine popote. Simama pale mpakani, mwezi Machi 1964, utazame kusini. Ng'ambo si Zambia. Ni Rhodesia ya Kaskazini, koloni la Uingereza, na itabaki hivyo hadi tarehe 24 Oktoba. Nenda Ileje uutazame mto Songwe, ng'ambo ni Nyasaland, nayo haijapata uhuru hadi tarehe 6 Julai. Ukishuka Ruvuma utamkuta Mreno, na yeye hana nia ya kuondoka. Magharibi, Kongo inawaka moto. Na Dar es Salaam, tangu mwaka 1963, ndiko yalikowekwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Afrika. Wapigania uhuru wa Msumbiji walikuwa wanafanya mazoezi katika ardhi yetu. Tarehe 25 Septemba 1964 FRELIMO ilifyatua risasi zake za kwanza, siku 24 tu baada ya sisi kupata jeshi jipya.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo kwenye kiini. Nchi inaweza kuchagua kuishi bila jeshi ikiwa haina ugomvi na mtu. Sisi tulikuwa tumeuchagua ugomvi. Tuliamua kwamba uhuru wetu haujakamilika mpaka wenzetu nao wawe huru, na uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Huwezi kumhifadhi mgeni anayewindwa halafu ukalala mlango wazi.

Kwa hiyo tarehe 1 Septemba 1964 liliundwa jeshi jipya. Litazameni jina lake, kwa sababu hawakulichagua ovyo: Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Vijana walichukuliwa kutoka Umoja wa Vijana wa TANU na kutoka Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 1963. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mirisho Sarakikya, Mtanzania, aliyeliongoza hadi mwaka 1974. Askari aliruhusiwa kuwa mwanachama wa TANU, ashiriki siasa ya nchi yake badala ya kukaa kambini kama mtu wa pembeni anayengojea mshahara. Waalimu walitoka Kanada na China, ili asije mfadhili mmoja akatushika sikio.

Mtu anaweza kulaumu kwamba hilo lilikuwa jeshi la chama, na lawama hiyo ina uzito wake. Ulipoingia mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 utaratibu ule ulifutwa, na leo Katiba yetu, ibara ya 147, inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, kama inavyomkataza mtu yeyote au kikundi chochote, isipokuwa Serikali, kuunda jeshi. Njama nazo hazikukosekana. Ilikuwapo kesi ya uhaini ya mwaka 1970, na mwaka 1983 walikamatwa maofisa waliotuhumiwa kutaka kupindua serikali. Lakini hakuna njama iliyofaulu. Katika bara ambalo marais wengi waliondolewa na walinzi wao, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo swali la kijana wa bodaboda bado halijajibiwa lote. Kama sisi hatukuweza, je, wapo walioweza?

Wapo. Anayetajwa kwanza kila mara ni Costa Rica, nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Mwaka 1948 ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya siku 44. Aliyeshinda, José Figueres, tarehe 1 Desemba mwaka huo alichukua nyundo mbele ya umati, akabomoa kipande cha ukuta wa kambi kuu ya jeshi mjini San José, na kambi ile ikafanywa makumbusho ya taifa. Mwaka uliofuata wakaiandika kwenye Katiba, kifungu cha 12, kwamba nchi haitakuwa na jeshi la kudumu. Fedha zikaelekezwa shule na hospitali. Majirani zao walipinduliwa mara kwa mara, wao tangu hapo hawajapinduliwa.

Lakini tusikiage kisa nusu. Januari 1955 wavamizi waliingia Costa Rica kutoka upande wa Nicaragua. Walizuiwa na nani? Umoja wa nchi za Amerika uliingilia kati haraka, na Marekani ikaiuzia serikali ile ndege nne za kivita kwa bei ya dola moja moja. Kwa hiyo nyuma ya nchi isiyo na jeshi alikuwapo jirani mwenye jeshi kubwa, na alikuwa na sababu zake. Mwaka 2010, askari wa Nicaragua walipoingia katika kipande cha ardhi cha mto wa mpakani, Costa Rica haikuwa na jeshi la kupeleka. Ilipeleka mashtaka Mahakama ya Kimataifa kule The Hague. Ilingoja miaka mitano, na Desemba 2015 mahakama ikasema ardhi ile ni ya Costa Rica. Miaka mitano ni mingi kungoja, lakini hesabu maiti: hakuna.

Karibu nasi, Mauritius ilipata uhuru mwaka 1968 na mpaka leo haina jeshi. Ina kikosi maalumu ndani ya polisi. Bahari imeizunguka, marafiki inao, na madai yake ya visiwa vya Chagos dhidi ya Uingereza iliyapeleka kwenye meza za kimataifa hadi mahakama ile ile ya The Hague ikatoa maoni ya kuiunga mkono mwaka 2019.

Botswana nayo ilijaribu. Ilipata uhuru tarehe 30 Septemba 1966 ikaamua kutegemea polisi tu, fedha zake chache zikafanya kazi nyingine. Iliishi hivyo zaidi ya miaka kumi. Lakini askari wa Rhodesia walikuwa wakivuka mpaka wakiwasaka wapigania uhuru, wanaingia na kutoka wanavyotaka. Aprili 1977 Botswana ikaunda jeshi. Haikulitaka, ililetewa na jirani yake.

Na Shelisheli, ndugu zetu wa Bahari ya Hindi, walipata uhuru Juni 1976 bila jeshi. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 5 Juni 1977, Rais James Mancham akiwa London, kundi la watu wachache lilichukua silaha za polisi na nchi ikabadilisha mkono. Ni Zanzibar ya 1964 mara ya pili. Serikali mpya ikaunda jeshi, na Tanzania ikapeleka askari wake kusaidia kulifundisha. Agosti 1982 sehemu ya jeshi hilo jipya ikaasi. Hapo ndipo utaona ugumu wa jambo hili. Bila jeshi walipinduliwa, na walipopata jeshi likawaasi.

Sasa tukusanye mavuno. Ukizitazama nchi hizi pamoja, utaona kwamba iliyofanikiwa kuishi bila jeshi haikuishi bila ulinzi. Ilikuwa na mambo matatu. Jirani ambaye ama hana nia mbaya, ama anamwogopa mkubwa mwingine. Mahali pa kupeleka ugomvi wa mpaka ukaamuliwa kwa karatasi. Na polisi ambao wananchi wanawaamini, kwa sababu wao ndio waliobaki na ufunguo wa ghala. Likikosekana la kwanza, unakuwa Botswana. Likikosekana la tatu, unakuwa Zanzibar ya Januari 1964.

Twende nayo Tunduma basi. Kijana yule anasema hajaona mwanajeshi mpakani, na ni kweli. Mpaka ule unalindwa na nini? Unalindwa kwanza na ndugu, kwa kuwa Wanyamwanga wako pande zote mbili, na msiba wa Nakonde unazikwa na watu wa Tunduma. Unalindwa na biashara, maana shaba inashuka na mafuta yanapanda, na risasi moja ingesimamisha mapato ya wote wawili. Tangu Oktoba 2019 pana kituo cha pamoja cha forodha, ambako maofisa wa nchi mbili wanafanya kazi chini ya paa moja. Mto Songwe unaotutenga na Malawi hubadili njia mafuriko yakija, na mwenye shamba anaweza kulala Mtanzania akaamka shamba lake liko ng'ambo. Badala ya kugombana, nchi mbili zimeunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo. Na ule ugomvi wa Ziwa Nyasa uliopanda joto mwaka 2012 ulikabidhiwa kwa marais wastaafu wa Afrika wakiongozwa na Joaquim Chissano. Haujamalizika, lakini wavuvi wanavua.

Kwa hiyo kijana ana haki nusu. Amani ya Songwe kwa sehemu kubwa haitengenezwi na bunduki.

Nusu ya pili anayo yule mzee. Mimi nilimwuliza habari zake, akanieleza. Rhodesia ya Kusini ilipojitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, njia za Zambia za kusini zikabanwa, na mafuta yake yakaanza kupita Tunduma kwa malori, katika barabara ya matope ambayo madereva waliibatiza jina la jehanamu. Yeye alikuwa mmoja wao. Baadaye likaja bomba la TAZAMA mwaka 1968, kisha reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976. Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia waliingia ndani kabisa ya Zambia wakalipua daraja la reli mto Chambeshi, na treni zilizopita Tunduma zikakosa pa kwenda. Mwaka mmoja kabla yake Idi Amin alikuwa ametangaza kwamba Kagera ni yake. Vita vile tulivishinda, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, lakini uchumi wetu uliuguza kidonda hicho kwa miaka mingi. "Mimi sipendi jeshi, mwanangu," mzee aliniambia. "Lakini niliwahi kuendesha tangi la petroli nikijua kuna mtu anataka lilipuke."

Na hayo si ya zamani peke yake. Oktoba 2020 wapiganaji kutoka Cabo Delgado walivuka Ruvuma wakashambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Mpaka ule haufanani na wa Tunduma, ingawa nchi ni moja.

Kwa maoni yangu, basi, Tanzania ya leo haiwezi kulivunja jeshi lake, na asemaye inaweza hajatazama Ruvuma. Lakini miezi ile saba ya 1964 ilituachia swali ambalo hatupaswi kulizika. Wazee hawakuuliza tu, "Tuwe na jeshi au tusiwe nalo?" Waliuliza, "Likiwapo, litakuwa la nani?" Tanganyika Rifles halikuvunjwa kwa kuwa lilikuwa dhaifu. Lilivunjwa kwa kuwa halikuwa la mtu. Halikuwa la wakoloni tena, na halijawa la wananchi.

Swali hilo halina jibu la mara moja. Mwishoni mwa Oktoba 2025, ghasia zilipozuka siku ya Uchaguzi Mkuu na wanajeshi wakaonekana mitaani, lilirudi upya. Jina "la Wananchi" liliandikwa mwaka 1964, lakini haliwi kweli kwa kuandikwa. Linakuwa kweli pale Bunge linapouliza fedha za ulinzi zimekwenda wapi, na kijana anapoweza kuuliza bei ya kisima na bei ya bunduki bila kutazama nyuma yake.

Kijana wa Tunduma, kama umenisikia au umelinunua gazeti hili, jibu lako ndilo hilo. Hukukosea kuuliza. Mwalimu mwenyewe aliuliza kabla yako. Endelea kuuliza, na kahawa ya mzee siku ile nilisahau kuilipa, nisaidie.